Kuvunja kikoba na kuvunjika kwa kikoba

Kwa wanachama wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, "Tunavunja Desemba" ni maneno ya furaha. Maana yake sanduku litafunguliwa, hesabu itasomwa, na kila mwanachama ataondoka na chake. "Kikoba chao kimevunjika" ni maneno ya kusemwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi msemaji hutazama pembeni kwanza. Kitenzi ni kimoja, ila cha kwanza wamekivunja wenyewe na cha pili kimewavunjikia mikononi.

Ukiuliza kilichotokea utatajiwa mtu: mhazini aliyezima simu, mwenyekiti aliyekopa akahama mtaa. Sikatai, mtu huwa yupo. Lakini ukiomba kuona katiba ya kikundi, mara nyingi utakuta mtu huyo alifunguliwa mlango siku ya kwanza kabisa, na waliomfungulia ni namba tatu: bei ya hisa, ukomo wa mkopo na tarehe ya kuvunja. Namba hizo hupangwa kwa dakika kumi huku watu wanataka kwenda kupika, kisha kikundi kizima huishi nazo mwaka mzima.

Kwanza tutenganishe kikoba na mchezo, maana wengi huchanganya. Kwenye mchezo, ambao wengine huuita upatu, pesa hailali. Watu kumi wanatoa 20,000 kila wiki, kijumbe anakusanya laki mbili na kumpa mmoja. Wa kwanza kupokea amekopeshwa na wenzake tisa bila riba, na wa mwisho amewakopesha wote tisa bila riba. Ni njia nzuri ya kununua godoro au kabati. Ila mchezo haujui kwamba mtoto ameugua leo na zamu yako ni wiki ya nane. Kwenye kikoba pesa inakaa, inakopeshwa, inazaa, na pembeni kuna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa.

Mtindo huu una kwao. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa Maradi, nchini Niger, katika vikundi vilivyoitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa. Wengi hawakujua kusoma, na hesabu zote ziliwekwa kichwani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtindo huo ulikuwa umefika Zanzibar, kwenye vijiji vya jirani na msitu wa Jozani, na kwa upande wa Bara ukazaa VICOBA (Village Community Banks, benki za jamii za vijijini), jina ambalo sisi tumeligeuza tukapata "kikoba" kimoja na "vikoba" vingi. Kutoka Maradi ulikuja na tabia moja ambayo bado ina kazi: salio linatamkwa kwa sauti, na kila aliyekaa pale analikariri. Nitairudia.

Bei ya hisa

Mpangilio uliozoeleka ni huu. Wanachama kati ya 15 na 25. Wanakutana kila wiki. Kila mkutano mwanachama ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, si zaidi. (Baadhi ya vikoba hukomea tatu.) Kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kitabu chake.

Uzuri wake uko kwenye hiyo "moja hadi tano". Muuza samaki hana mshahara, ana wiki nzuri na wiki ambayo bahari imechafuka. Wiki nzuri anagonga mihuri mitano, wiki mbaya mmoja, na hakuna anayemwita mdaiwa. Lakini hilo linawezekana tu kama hisa moja ni bei ambayo mwenye kipato kidogo kuliko wote ataimudu katika wiki yake mbaya kuliko zote.

Ukiuliza swali hilo hadharani watu watajibu kwa kujionyesha. Gawa vikaratasi. Kila mmoja aandike bila jina: wiki ambayo biashara imekwama kabisa, nitaweza kutoa shilingi ngapi bila kupunguza chakula cha nyumbani? Chukua jibu la chini kabisa, wala usitafute wastani. Kama la chini ni 2,000, hisa ni 2,000, na mwenye uwezo ataweka hadi 10,000 kwa wiki. Kama wapo wanaolalamika kwamba 10,000 ni kidogo mno kwao, basi hapo kuna vikundi viwili vilivyokaa kwenye mkeka mmoja, na ni afadhali vitengane mapema kwa amani.

Kikundi kinachoweka hisa 10,000 kwa sababu kikundi cha mtaa wa pili kimeweka hivyo hupata msiba wa aina moja. Mama lishe mwenye wiki mbaya haoni aibu ya kukosa faida, anaona aibu ya kukaa bila kununua hisa mbele ya wenzake. Anaenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kali. Tupige hesabu. Amekopa 50,000, mwezi ukiisha anarudisha 65,000. Hisa alizonunua kwa ile 50,000, kikundi kikifanya vizuri (tutaona punde faida ya asilimia 15 na nusu), zitampa 57,750 siku ya kuvunja. Amepoteza 7,250, na hiyo 65,000 aliitafuta ndani ya siku thelathini wakati 57,750 ataiona mwakani. Kwenye kitabu chake cha kikoba anaonekana mwekaji hodari.

Kinachotokea mezani

Wanachama wana namba na wanakaa kwa namba, moja hadi ishirini, mkutano wowote ule. Si urasimu. Namba saba asipokuwepo pengo linaonekana kabla hata ya jina kuitwa.

Sanduku ni la bati au chuma, lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu ambao si viongozi, na hakuna hata mmoja kati yao anayelala na sanduku. Mtunza sanduku naye hana ufunguo. Ndani mna pesa, vitabu vya wanachama vyote, muhuri, wino, na mifuko miwili ya kitambaa: mmoja wa mikopo, mwingine wa mfuko wa jamii.

Umesoma vizuri, vitabu vinalala sandukuni. Hapa ndipo vikundi vingi vinapolegea, kwa sababu mtu anataka kwenda na kitabu chake nyumbani amwonyeshe mumewe. Kitabu kikitoka, muhuri unaweza kugongwa popote, na daftari la katibu "likienda kukamilishwa nyumbani" huwa limekwisha. Kikundi chenye katibu anayeandika usiku peke yake hakina kumbukumbu, kina hadithi ya katibu.

Wakishafungua, mfuko wa jamii unatangulia. Waulizwe: salio la wiki iliyopita lilikuwa ngapi? Wote wajibu, kisha wahesabu fedha wa kikundi wazihesabu mbele yao. Hii ndiyo ile tabia ya Maradi. Kila mmoja anatoa 500 yake. Halafu hisa: namba moja anaitwa, anafika mezani, anakabidhi pesa, wahesabu wanataja kiasi kwa sauti, katibu anagonga. Kama amenunua tatu, vyumba viwili vya mihuri ya wiki hiyo vilivyobaki kitabuni vinachorwa mstari wa kalamu palepale. Palepale. Chumba kilichoachwa wazi ni mwaliko, na sababu nitaieleza. Baada ya hisa, marejesho ya mikopo. Kisha, kama ni wiki ya nne, maombi ya mikopo mipya. Mwisho kinachobaki kinahesabiwa, kinatajwa, kinakaririwa, kufuli zinafungwa.

Dalili ya kikoba chenye afya ni kubaki na pesa kidogo sandukuni baada ya mkutano wa mikopo. Sanduku zito linawafurahisha wanachama na vibaka vilevile.

Faida inatoka mfukoni mwa nani

Wapo wanaozungumzia faida ya kikoba kana kwamba inashuka na mvua. Tuchukue kikundi cha watu ishirini, hisa 2,000, mikutano 48 kwa mwaka. Wastani wa hisa tatu na ushee kwa kila mtu kila wiki unawafikisha kwenye hisa 3,000 mwisho wa mzunguko. Mtaji: 6,000,000.

Mtaji huo haukuwepo siku ya kwanza, ulikuwa ukipanda wiki kwa wiki, kwa hiyo wastani wake wa mwaka ni kama milioni 3. Tuseme nusu ya hiyo, milioni moja na nusu, iko nje kwa wakopaji wakati wowote, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Hiyo ni 75,000 kwa mwezi, 900,000 kwa mwaka. Ongeza faini za kuchelewa 67,000, toa 30,000 za vitabu na wino. Zimebaki 6,937,000. Gawa kwa hisa 3,000: kila hisa imekuwa 2,312 na senti. Shusha hadi 2,310, na zile 7,000 zinazobaki zitupwe mfuko wa jamii.

Aliyegonga mihuri mitano kila wiki ana hisa 240. Aliweka 480,000, anapokea 554,400. Faida yake ni 74,400. Aliyegonga miwili miwili ana hisa 96, aliweka 192,000, anapokea 221,760.

Sasa huyo wa hisa 96 alikopa mara tatu mwaka huo, na jumla ya riba aliyolipa ni 60,000. Faida ya hisa zake ni 29,760. Kwa hiyo kikoba hakikumpa faida, kilimtoza 30,240, na sehemu ya 74,400 ya mwenzake imetoka kwake. Amedhulumiwa? Inategemea mkopo ulifanya nini. Kama ulijaza genge la nyanya mara tatu, ameupata kwa bei ndogo kuliko mkopo wowote wa mtaani. Kama ulinunua sare ya harusi, amelipa elfu thelathini juu ya bei ya kitenge. Kila mwanachama anaweza kupiga hesabu hii nyuma ya kitabu chake: riba niliyolipa, toa faida niliyopata. Ajabu ni wachache wanaoipiga.

Kuna uvujaji mwingine, wa kimyakimya. Pesa ya wiki ya kwanza imekaa sandukuni na kwa wakopaji mwaka mzima. Ya wiki ya mwisho imekaa siku saba. Zote zinalipwa 310 ileile kwa hisa. Kwa kuwa kila mmoja anaweka kidogo kidogo mwaka mzima, dhuluma hiyo inajilinganisha yenyewe. Haijilinganishi pale mjanja anapopitisha miezi akigonga mmoja mmoja, kisha mwezi wa mwisho anakuja na laki mbili "kufidia wiki zilizopita". Anataka kupewa faida ya mwaka kwa pesa ya mwezi. Ndiyo sababu vyumba visivyonunuliwa huchorwa mstari siku ileile, na ukomo wa tano kwa wiki hauna msamaha, hata kwa mwenyekiti. Hasa kwa mwenyekiti.

Mkopo

Desturi ni kukopa hadi mara tatu ya akiba yako. Mwenye hisa za 100,000 anapewa hadi 300,000. Kwa maoni yangu, kikundi cha mwaka wa kwanza kisizidishe mara mbili. Sababu ni ya hesabu, sio ya roho mbaya. Kwa mara tatu, watu saba kati ya ishirini wenye akiba sawa wanaweza kumaliza sanduku, na kumi na tatu waliobaki wakawa wanachangia mkopo ambao hawataupata. Na anayekimbia na mkopo wa mara tatu ameacha thuluthi tu ya deni.

Angalia vilevile namna riba inavyotozwa. Asilimia 5 kwa mwezi inasomeka sawa kwenye katiba zote, lakini inalipwa tofauti. Umekopa 300,000 kwa miezi mitatu, unarejesha laki moja kila mwezi. Kama riba inatozwa kwenye deni lililobaki, utalipa 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000: jumla 30,000. Kama inatozwa kwenye kiasi ulichokopa mwanzo, ni 15,000 mara tatu, 45,000. Na kama inakatwa juu kwa juu siku ya kupokea, unaondoka na 255,000 mkononi na kurudisha 300,000, yaani umelipia riba hata pesa ambayo hukuishika. Katiba iseme kwa maneno ni ipi kati ya hizo. Mimi nachagua ya kwanza, kwa sababu inampa mkopaji hamu ya kupunguza deni haraka.

Wadhamini waandikwe kwa hisa zao, sio kwa majina tu: "Namba 12 anadhamini hisa 40." Na Namba 12 asiwe anadhaminiwa na huyohuyo anayemdhamini. Asha kamdhamini Rehema, Rehema kamdhamini Asha, wote wana mkopo, hapo dhamana ni karatasi.

Dalili ya hatari ya kuangalia kuliko zote ni mkopo unaolipiwa riba tupu. Mwanachama anakuja kila mwezi na 15,000 ya riba, anasema mtaji atauleta mwezi ujao, anapigiwa makofi kwa uaminifu. Kwenye daftari mambo ni mazuri, riba inaingia. Kumbe mtaji ulishaliwa mwezi wa pili, na hiyo 15,000 yenyewe pengine ameikopa kwingine. Weka sheria: mkopo haulipiwi riba bila kupunguzwa mtaji, hata kwa 10,000. Anayeshindwa mara mbili mfululizo, suala linafunguliwa mkutanoni wakati deni bado liko karibu na akiba yake.

Maana akifika siku ya kuvunja bado anadaiwa, itakuwa hivi. Ana hisa 100, deni 400,000. Hisa zake kwa 2,310 ni 231,000, zinakatwa zote. Pengo ni 169,000. Pengo hilo linabebwa na hisa 2,900 za wenzake, takribani shilingi 58 kila hisa. Mwenye hisa 240 amepoteza karibu 14,000 kwa deni lisilo lake. Hakuna sanduku lililoibwa hapo, na kufuli zote tatu ni nzima.

Simu, sheria na pesa za nje

Kuhusu simu: pesa ya kikundi isikae kwenye namba ya mtu, hata awe mchungaji. Namba ya mtu ni mali ya mtu. Akifariki, laini inakuwa ya warithi, na kikundi kinaanza safari ya mahakamani kutafuta pesa yake. Zipo huduma za vikundi, mojawapo M-Koba, ambayo Vodacom ilianzisha mwaka 2019 na benki ambayo sasa inaitwa TCB (Tanzania Commercial Bank). Faida yake kubwa ni kwamba kutoa pesa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, na ujumbe unafika kwa wanachama. Hasara inaweza kuwa makato. Pale yanapotozwa, kutuma 2,000 kila wiki kunakatwa sehemu kubwa kuliko kutuma 8,000 mara moja kwa mwezi. Nionavyo mimi, walio mtaa mmoja wakutane na sanduku, wakimaliza kukopeshana kinachobaki kiingie kwenye akaunti ya kikundi. Walio mikoa tofauti watumie simu kabisa.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatambulika kama daraja la nne (SACCOS, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ni la tatu) na vinatakiwa kusajiliwa. Benki Kuu imekasimu kazi hiyo kwa mamlaka za serikali za mitaa, kwa hiyo mlango wa kwanza ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata, mkiwa na katiba, muhtasari wa mkutano na orodha ya wanachama.

Usajili ukishapatikana, kuna atakayesema: sasa tuombe ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, ombeni. Lakini isiingie kwenye sanduku la hisa. Ikae akaunti yake, daftari lake, mradi wake. Mwanachama anarudisha mkopo wa kikoba kwa sababu anajua ni nauli ya Mama Juma na ada ya mtoto wa Namba 9. Pesa ya serikali haina sura ya mtu. Zikichanganyika sandukuni, ile isiyo na sura huambukiza iliyo nayo, na marejesho yanalegea yote.

Tarehe

Vikoba vingi huvunja wiki ya pili au ya tatu ya Desemba. Ndiyo namba iliyochaguliwa kwa mazoea kuliko zote, na kuna gharama. Mgao unaingia mikononi siku kumi kabla ya Krismasi, nauli za kwenda mikoani zimepanda, ndugu wameshajua. Ada ya Januari inaisubiri ng'ambo ya sikukuu, na safari ya kufika huko ni ndefu.

Tarehe ifuate mahali pesa inapohitajika. Kama wengi wana watoto wa shule, vunjeni wiki ya kwanza ya Januari. Kama ni wakulima wa maeneo yanayopanda kwa mvua za Novemba, vunjeni Oktoba, wakati mbegu na mbolea zinanunuliwa. Kama wengi wanataka pesa ya Ramadhani, kumbukeni mwezi wenyewe unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe ipangwe upya kila mzunguko, isinakiliwe kutoka katiba ya mwaka juzi.

Kisha hesabu kurudi nyuma. Mikopo yote iwe imerudi wiki nne kabla ya kuvunja. Mkopo wa miezi mitatu, basi, wa mwisho unatolewa miezi minne kabla. Baada ya hapo mikopo ya miezi miwili, halafu ya mwezi mmoja, kisha hakuna. Wiki hizo nne ni za kufukuzia wanaosuasua, na sanduku litakuwa zito, kwa hiyo pesa ilale benki.

Neno moja kuhusu sherehe. Ukumbi, spika, keki, sare ya kitenge. Kama kila mmoja wa watu ishirini anakatwa 30,000, ni 600,000. Riba yote ya mwaka ilikuwa 900,000. Theluthi mbili ya kazi ya mwaka imekwenda na muziki wa jioni moja. Wanaotaka sherehe wachange siku nyingine, wenyewe, kila mtu akiwa ameshaupeleka mgao wake nyumbani.

Siku ya mgao

Asubuhi, sio jioni. Mahali pale pale pa mikutano. Siku yenyewe waijue wanachama, saa kamili watajiwe usiku wa kuamkia. Benki wanakwenda watatu, wakaombe noti ndogo za kutosha, kwa sababu kikundi chenye noti za elfu kumi tupu hutumia saa nzima kutafuta chenji na katika saa hiyo ndipo hesabu hupotea.

Kwanza hisa zote zihesabiwe kutoka vitabuni, muhuri kwa muhuri, kila kitabu kinahesabiwa na watu wawili ambao si wenye kitabu. Jumla ilingane na daftari kuu. Isipolingana msigawe. Rudini kitabu kwa kitabu, kwa kawaida kosa liko wiki moja ambayo katibu msaidizi ndiye aliyeandika. Ikilingana, pesa zote zimwagwe kwenye mkeka zihesabiwe, mfuko wa jamii ukiwa pembeni kwani huo haugawanywi. Gawa, shusha kwenye makumi, soma thamani ya hisa kwa sauti, na kila mwanachama azidishe mwenyewe kwenye simu yake kabla ya kuitwa.

Wiki mbili kabla, kila mtu awe ameshaandika mgao wake unakwenda wapi. Wa ada, aende nayo kulipa siku hiyohiyo. Waliovuka milioni moja wana nafasi nyingine ambayo haizungumzwi sana vikobani: hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinaanzia 1,000,000, na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Kwa walio chini ya hapo ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambako unaweka kidogo na kuendelea kuongeza.

Namba ishirini akishapokea, vitabu vya zamani vinapigwa mstari mwekundu. Vipya vinatolewa. Wanaoendelea wanatoa wote kiasi kimoja, tuseme hisa kumi kumi, ili sanduku lisianze tupu na mkopaji wa mwezi wa kwanza asikose. Ni mara moja tu kwa mwaka ukomo wa tano unapowekwa kando, na ni kwa kila mtu sawasawa. Watu kumi na saba wamebaki, watatu wameaga. 340,000. Zinatajwa kwa sauti, wote wanazirudia, kufuli zinafungwa, na funguo tatu zinaondoka kwa njia tatu.